Kumi na Saba Mara Mbili

Miaka ishirini na sita mke wangu aliusukuma ukuta wa chumba chetu kila alfajiri, na miaka yote hiyo nilimcheka nikiwa chini ya shuka. Alikuwa dobi wa hospitali. Kutwa nzima anainamia mashuka ya wagonjwa, mpaka mgongo ukaanza kumsumbua. Muuguzi mmoja akamfundisha: simama hatua moja kutoka ukutani, weka viganja, inama, sukuma, mara ishirini kila siku. Akashika, hakuachia tena. Nilikuwa namuuliza huo ukuta umemkosea nini, naye ananijibu kwamba ukuta angalau umesimama.

Hesabu yake ilikuwa na kasoro. Akifika kumi na saba anageuza shingo kunitazama kitandani. "Kumi na saba. We mwanamume, amka! Kumi na saba. Kumi na nane." Kwa hiyo ishirini zake zilikuwa ishirini na moja. Nilimweleza jambo hilo mara nyingi. Alisema hiyo moja ya ziada ananifanyia mimi, maana mimi mvivu.

Si uvivu, ni kazi. Mimi ni fundi viatu. Nakaa kwenye kigoda kifupi tangu asubuhi, kiatu kati ya magoti, sindano mkononi, gundi pembeni. Wateja wananiita Mzee Gundi, na mke wangu alipenda kusema jina limenifaa kwa sababu nikishakaa sibanduki.

Alikufa kwa homa ya mapafu, siku tisa tu tangu alipoanza kukohoa. Watu walikuja, wakalia, wakala, wakaondoka. Binti yetu, mtoto wetu wa pekee, alikaa wiki mbili, kisha akarudi kazini kwake. Yeye ni karani wa mahakama, na kwake ni mwendo wa siku nzima kwa basi. Nikabaki na vyumba viwili na vikombe sita. Nikawa nakula nimesimama karibu na jiko, kwa sababu kukaa mezani peke yangu kulinitia aibu, ingawa hapakuwa na wa kuniona. Banda langu nililokuwa nikilifungua saa mbili likawa linafunguliwa saa nne, siku nyingine saa tano.

Kliniki wakanipima, sukari juu, presha juu. Daktari mwenyewe umri wa binti yangu.

"Mzee, mazoezi kila asubuhi. Mwezi wa kwanza utajilazimisha. Ukishazoea, mwili wenyewe utakuamsha."

Nikamwitikia vizuri, nikarudi nyumbani kulala. Binti yangu naye akajua, sijui nani alimwambia, pengine ni mimi mwenyewe. Kila jioni akawa anapiga simu.

"Baba, umefanya mazoezi?"

"Nimefanya."

"Ya nini leo?"

"Ya mikono."

Uongo mtupu. Mkono wangu ulikuwa umeinua rimoti tu.

Asubuhi moja niliamka kwa pupa kwenda msalani, kizunguzungu kikanishika. Nikajitupa ukutani nisianguke, pale kando ya kabati, viganja vyote viwili. Nikasubiri chumba kitulie. Kilipotulia nikaona kwamba chini kidogo ya mikono yangu kulikuwa na mikono mingine.

Lazima nieleze. Sabuni za hospitali zilimpasua mke wangu mikono, kwa hiyo akiamka, jambo la kwanza ni kujipaka mafuta ya mgando, la pili ni ukuta. Mafuta yale yaliacha alama mbili za rangi ya chai, vidole vyote kumi ukivitaka. Na huyu alikuwa mtu wa usafi wa kukera! Mgeni akiegemea ukuta wa sebuleni, mke wangu anapita na kitambaa kabla mgeni hajamaliza kinywaji. Mimi nimesemwa kwa sababu ya ukuta mpaka masikio yakaota sugu. Alama zake mwenyewe hakuziona, kwa sababu alifanya mambo yake gizagiza, na mchana kivuli cha kabati kinaangukia hapo. Mimi niliziona zamani. Nilinyamaza makusudi. Nilikuwa naziweka akiba ya ugomvi mmoja mkubwa: siku atakayonizidi kwa maneno, nimshike mkono, nimpeleke pale, nimwambie haya, na hizi za nani? Nilikuwa nimeshaifikiria hata sura atakayoifanya. Siku hiyo haikufika.

Nikaweka viganja vyangu juu ya vyake, nikainama, nikasukuma. Nilifika nane nikaishiwa pumzi. Kesho yake nikarudi, si kwa ajili ya sukari. Nilirudi kwa sababu ndani ya nyumba nzima hapo ndipo mahali pekee ambapo mtu alinipokea.

Siku ya tano nikagundua naziharibu. Mikono yangu ni mipana, ya gundi na rangi ya viatu, na kidole chake kidogo cha kushoto kilikuwa kimeanza kufifia. Nikajiona kama niliyeangusha mtoto. Tangu hapo nikapandisha viganja vyangu shubiri moja juu, vyake nikaviacha chini salama. Nikafika kumi na mbili, kumi na tano, ishirini. Daktari yule hakudanganya, mwili ukawa unaniamsha wenyewe saa kumi na moja na nusu. Banda likarudi saa mbili. Nikihesabu nilikuwa naipita kumi na saba harakaharaka, bila kugeuza shingo.

Baada ya miezi mitatu binti yangu akapata likizo ya siku nne. Aliniona akapiga makofi.

"Baba, umepungua! Kumbe ulikuwa unafanya kweli?"

"Ulidhani nakudanganya?"

Siku ya pili nilikwenda bandani, nikarudi jioni. Mlangoni tu nikasikia harufu ya sabuni. Ameosha mapazia, amesugua sakafu, na yeye amekaa amechoka, ameridhika, mikono imekunjamana kwa maji. Mama yake mtupu. Nilipoingia chumbani nikaona kabati limesogezwa.

"Ukuta ulikuwa umejaa mikono yako, Baba," alisema kutoka sebuleni. "Huko chini ndiko kulikuwa kugumu, nimesugua karibu saa nzima."

Ukuta ulikuwa mweupe. Nilipapasa, kulikuwa bado na unyevunyevu. Nilipata hasira ambayo sijawahi kuwa nayo kwa mtoto huyu, nikataka kumwambia arudi zake leo hii. Badala yake nikasema, "Ahsante, mwanangu. Umejichosha." Usiku sikula, nikasingizia tumbo.

Alfajiri mwili uliniamsha saa ile ile. Nikakataa. Nikageukia upande wa pili. Baada ya muda mlango ukagongwa, akaingia peku, kanga ya kulalia mabegani.

"Baba, leo hufanyi? Unaumwa?"

"Hapana."

"Sasa?"

Nilitaka kunyamaza, mdomo ukanizidi. "Ile mikono ya chini ilikuwa ya mama yako."

Alisimama pale. Akautazama ukuta, akanitazama mimi, kisha akakaa sakafuni, akajiziba uso. Alilia vibaya. Nami nikaona haya, maana hasira yote iliniisha nikabaki na mtoto analia.

"Hukujua," nilimwambia. "Na yeye angekusifu. Mimi ndiye angenisema kwa kuacha uchafu miezi yote hiyo."

Alicheka kidogo katikati ya kamasi. Kisha akainuka, akaenda ukutani, akaweka viganja. Hakupima, hakuniuliza wapi. Na mimi ninayezijua zile alama kuliko ninavyoijua mikono yangu, niliona viganja vyake vimetua pale pale. Viatu vya huyu mtoto nimevitengeneza mimi tangu alipoanza kuvaa visigino virefu, na siku zote nimemwona kwenye visigino hivyo. Sikuwahi kufahamu kwamba peku ana kimo cha mama yake.

Akaanza kusukuma. Moja, mbili, kwa sauti. Alifika kumi na saba, akageuza shingo.

"Kumi na saba. Baba, amka! Kumi na saba."

Utotoni kitanda chake kilikuwa upande wa pili wa ukuta huu. Alilisikia hilo kila siku ya shule. Niliamka. Nikasimama nyuma yake, nikaweka viganja vyangu juu ya vyake, shubiri moja, na tatu zilizobaki tukazisukuma pamoja.

Likizo ikaisha. Nilimsindikiza kwenye basi la kwanza, nikarudi, nikaosha kikombe chake nikakirudisha kwa wenzake. Nyumba ikawa kubwa tena.

Kesho yake, saa kumi na moja na nusu, nilisimama mbele ya ukuta. Kopo la mafuta ya mgando lilikuwa bado dirishani. Nikajipaka. Sasa hapakuwa na kitu cha kuchunga, basi nikashusha viganja mpaka pale pa mke wangu. Huko chini ni kuzito, mgongo unalalamika. Nilikwenda polepole. Kwenye kumi na saba nikageuza shingo kukitazama kitanda. Shuka lilikuwa limekunjamana upande wangu, upande wake umenyooka.

"Nimeamka," nikasema. "Kumi na saba."

Hiyo moja nilimfanyia yeye, kisha nikamalizia tatu zilizobaki.