Kisahani cha Supu

Mwaka ule mwanawe alipolazwa mahututi, Bibi aliweka nadhiri: mtoto akiinuka kitandani, nyama haitapita tena kooni mwake. Mtoto akainuka, akakua, akamzaa mjukuu. Na mjukuu huyo ndiye aliyemleta leo mchana kwenye mkahawa wa mchumba wake, mkahawa usiopika nyama, ghorofani juu ya duka la miwani.

"Bibi, nataka neno lako," mjukuu alisema akimvutia kiti. "Ukisema ndiyo, Jumamosi wazee wake wanakuja kuposa."

"Na nikisema siyo, utanuna."

"Nitanuna, lakini sitaolewa."

Mchumba, ambaye wateja walimwita Majani, alitoka jikoni akijifuta mikono.

"Shikamoo, Bibi."

"Marahaba, mume wangu. Huyu mke mwenzangu amekusifu njia nzima, masikio yamechoka."

Wakacheka. Majani akamwekea bakuli la supu ya karoti na njegere, rangi yake ya kupendeza. Bibi akainamisha pua. Alipika miaka ishirini na sita kwenye jiko la hospitali. Mikono ilikuwa imestaafu, pua bado ilikuwa kazini. Akaisikia karoti, akakisikia kitunguu. Chini yake palikuwa na kitu kingine, kimenyamaza kama panya nyuma ya gunia.

"Mume wangu, humu hamna nyama?"

"Hata kipande, Bibi. Tafuta na kijiko. Ukikiona, naufunga mkahawa."

Akarudi jikoni. Bibi akabaki na kijiko mkononi, akiwaza. Mimi nimeuliza nyama, yeye ananijibu kipande.

Akamimina supu kidogo kwenye kisahani cha chai. "Nitilie kwenye ile friji ya soda."

"Bibi! Watu wanatuona!"

"Waache waone. Mimi supu napenda baridi."

Mjukuu akaenda, uso umemshuka. Bibi akala mkate mkavu, taratibu, kama mtu aliyekodi kile kiti kwa mwaka mzima. Karibu na dirisha fundi cherehani alikuwa akinywa supu ileile, futi ya kupimia ikimning'inia shingoni.

"Yule huja kila siku," mjukuu alinong'ona. "Tangu azaliwe hajaonja nyama. Kwao ni mwiko. Unaona wanavyomwamini Majani?"

"Naona."

Baada ya muda mrefu kisahani kikarudi. Bibi akakiinamisha. Supu haikumwagika, ilitetemeka tu. Mjukuu akasema ni wanga, labda ametia unga. Bibi akachota kwa kidole, akasugua na gumba. Ikayeyuka, ikanata.

"Wanga hauyeyuki kwa joto la kidole, mama. Huu ni mchuzi wa mfupa, ukipoa huganda. Wagonjwa wangu wasioweza kutafuna niliwapikia huu huu."

Mjukuu alisimama, akaingia jikoni, Bibi nyuma yake. Juu ya jiko sufuria kubwa ilikuwa ikitokota, na ndani yake kitambaa cheupe kilichofungwa fundo kikiogelea. Mjukuu akakivuta kwa mwiko, akakifungua. Mifupa ya ng'ombe, myeupe, imechemka mpaka imetoboka.

Majani alimtazama kama mtu anayeulizwa kwa nini maji yamelowa.

"Si mfupa tu? Mfupa si nyama! Nani anautafuna? Natoa ladha, nautupa kwenye ndoo ya taka. Mwanzoni nilipika bila huo, wakasema nawanywesha maji ya kuoshea vyombo."

Moyo wa Bibi ukalegea kidogo. Huenda kijana hana hila, ni ujinga tu, na ujinga hufundishika. Lakini jicho lake likarudi kwenye lile fundo.

"Kama si kitu, mume wangu, ulikifunga kitambaani ili nani asikione?"

Majani akakisukuma kile kitambaa nyuma ya sufuria.

"Mimi sijainywa," Bibi akasema. "Nadhiri yangu ni nzima. Yule fundi wa dirishani je? Nenda kamwambie."

Majani akachungulia ukumbini. Meza zote zilikuwa zimejaa. Fundi alikuwa akipangusa bakuli kwa mkate.

"Nitamwambia, Bibi. Wallahi nitamwambia. Ila si leo, watu ni wengi. Kuanzia kesho mfupa siweki tena, yaishe."

"Na waliokwisha kunywa?" mjukuu akauliza.

"Wasichokijua hakiwadhuru. Mpenzi, tusaidiane basi."

Bibi alikuwa na maneno matano tayari ulimini, akayameza yote. Mjukuu akaurudisha mwiko juu ya sufuria, akazima jiko, akatoka. Kupitia mlango Bibi alimwona akivuta kiti mbele ya fundi cherehani na kuinama. Mkate wa fundi ukabaki hewani. Kisha binti akainuka, akaenda meza ya pili.

"Mzuie, Bibi," Majani alisema. "Mwambie aache. Na Jumamosi je?"

"Jumamosi wazee wako wapumzike," Bibi akasema, akaenda kumshikia mjukuu mkoba wake.