Bakuli Moja kwa Kila Mlango

Kanuni ile niliitoa mimi, kwa mdomo wangu. Mtaa wetu ulipoanza kuchanga unga wa wasio nacho, watu waliazimana watoto ili wahesabiwe wengi. Mwenye mmoja alikuja na sita, na mwenye haya akarudi na sufuria tupu. Ndipo nikasimama kikaoni nikasema tuhesabu milango, kila mlango bakuli moja, maana mlango hauazimwi. Wakapiga makofi. Bakuli wakanikabidhi mimi, wakisema mjane mcha Mungu hana wa kumpendelea.

Jumamosi ya kwanza akaja wifi yangu, dada wa marehemu mume wangu. Ni fundi cherehani, ana watoto wanne, na amepanga ukumbini mwa nyumba ya watu, nyuma ya pazia. Kila wiki nafika kwake. Lakini siku ya kikao lile pazia sikulikumbuka.

Mwenyekiti wa mtaa akapitisha kidole kwenye orodha ya milango. "Humu haumo, mama. Mlango wako uko wapi?"

Seremala, aliyekuwa nyuma yake kwenye foleni, akacheka. "Pazia halina bawaba, shemeji."

"Na mdomo wako hauna komeo," wifi akamjibu. Watu wakacheka.

Bakuli lilikuwa mkononi mwangu, limejaa. Nikamwomba mwenyekiti tumpe tu. Akanitazama kwa upole. "Kanuni ni yako, mama. Sheria msumeno. Tukiipinda kwa wifi yako, kesho watasemaje?"

Nikammiminia seremala.

Nilipotoka hapo nikampelekea wifi unga wangu. Akaufunga vizuri, akanirudishia. "Wewe una wajukuu. Halafu mimi sitaki sadaka yako, wifi. Nataka kuandikwa."

Seremala, nadhani kicheko kilimsuta, akampa mlango mkuukuu. Wakauegemeza penye pazia. Mwenyekiti akaja, akaugusa, akaandika. Habari haikulala. Kumbe mapazia yalikuwa mengi mtaani, nami nimeyapita miaka yote nikienda kusali. Kufikia Jumamosi ya pili milango ilikuwa imeegemezwa kila kona: ya bati, ya mbao za makasha, mmoja wa jokofu bovu. Na nyuma ya kila mmoja walikaa watu kweli. Hakuna aliyedanganya.

Unga ulikuwa magunia yaleyale matatu. Nilishika bakuli nikamwomba Mungu auzidishe. Haukuzidi. Mwenyekiti akaniletea kikombe cha chai nipimie hicho badala ya bakuli.

Wifi alipofika akakinga sufuria kwa mikono miwili. Nikamimina kikombe kimoja. Akachungulia ndani, kisha akanitazama.

"Lakini nimeandikwa," akasema.

"Umeandikwa, wifi."

Nyuma yake foleni ilikuwa bado ndefu, na gunia la mwisho nilikuwa nimeshalikunja mdomo mpaka chini.