Televisheni Mbili kwa Hilda

Wenseslaus alikasirika mpaka masikio yakamwasha. Miaka kumi na minane amewapa watu wa mtaa huu wa Moshi televisheni ya kebo, nguzo kachimbia mwenyewe, waya kavuta nyumba kwa nyumba, leo Hilda mwenye baa anampa mtihani kama mtoto wa darasa la nne!

Televisheni mbili zilikuwa ukutani. Ya kushoto ilikuwa ya kebo yake, ya kulia ya dishi lililofungwa jana tu. Saa kumi watani wa jadi wangecheza, na Hilda alishasema: wateja wataamua kwa viti vyao, kebo ikishindwa anaikata. Na Hilda akikata, mtaa mzima utakata, maana wote walijiunga baada ya kuiona kwake.

"Meku, mzee wangu, usinune," alisema Hilda. "Wenzako wa dishi kila mwezi wana jipya. Goli likikupita unalirudisha nyuma. Wewe tangu ufunge huo waya umeongeza nini?"

"Nimeongeza nguzo!"

Baa nzima ilicheka. Wenseslaus akatamani kumtukana mtu. Binti yake Eva alimsihi miaka mitatu apitishe intaneti kwenye waya ule ule, naye akajibu watu wanataka picha, si makorokoro.

Mpira ulipoanza, viti vyote vilitazama kulia. Hilda alirudisha rafu moja mara tatu, watu wakampigia makofi utadhani kacheza yeye! Picha ya kebo ilikuwa safi, haina hata chenga, na haina mtazamaji. Inauma jamani, acheni.

Kipindi cha pili mvua ya masika ikashuka kutoka mlimani, bati likapiga kelele. Picha ya dishi ikakwama, ikawa mabaka, kioo kikawa cheusi.

Wenseslaus aliruka. "Aliye juu mngoje chini! Waya haujui mvua! Geuzeni viti, ndugu zangu!"

Viti viligeuka kweli. Viligeukia meza ya Ronald wa bodaboda, aliyeegemeza simu yake kwenye chupa ya soda. Mpira ulikuwa humo, unaendelea.

"Umeutoa wapi huo?"

"Ni hao hao wa dishi, baba. Mvua ikinyesha unawafuata kwenye simu, na goli unalirudisha nyuma vile vile. Wameanza mwezi huu."

Watu kumi na tano walibanana mbele ya kioo cha ukubwa wa kiganja, migongo yao kwa televisheni ya Wenseslaus. Akabaki anaitazama mwenyewe. Mara mpira ukatinga wavuni.

"Goli!" alipiga kelele. "Goli, jamani!"

"Nyamaza, mzee, huku bado!" mtu akamfokea bila kugeuka.

Sekunde kama kumi alisimama na goli lake peke yake. Ndipo baa ikalipuka, viti vikaanguka, watu wakakumbatiana.

Hilda alimjia akihema kwa furaha. "Meku, tafadhali, izime hiyo yako. Inatutangulia, inatuharibia utamu."

Wenseslaus akainua mkono, akaizima.