Nyumba Inayofungwa kutoka Mjini

Mwanamina alikuwa amekalia mbuzi, akikuna nazi ya mchuzi, mashine ya jirani ilipompigia hodi.

Mashine hiyo ilikuwa kompyuta. Fundi Khalidi aliileta kutoka Kibiti kwa gari, kisha kwa boti, akaifunga katika jumba la mwekezaji pembeni mwa kijiji. Ilikuwa miaka ya wawekezaji, na huyu wa kwao hakuwahi kulala katika jumba lake. Alichotaka ni kukaa ofisini Dar es Salaam, aandike amri, amri isafiri kwa simu ya setilaiti, na huku deltani taa ziwake, pampu ivute maji, milango ijifunge. Khalidi aliunganisha nyaya, akaweka neno la siri, akamwambia bosi ajaribu.

Ndipo hodi ikasikika kwa Mwanamina. Mlangoni hapakuwa na mtu. Lakini hodi ni hodi, na yeye alilelewa akaleleka.

"Karibu," akasema, akaendelea kukuna.

Koroboi yake ikawaka mchana kweupe, nayo haikuwa na mafuta. Ikazimika. Komeo likajifunga, likajifungua. Mtungi ukajaa maji baridi, na hayo aliyafurahia, maana kisima cha karibu kilikwisha kuingia chumvi.

Kesho yake mlango ulijifunga yeye akiwa kwenye mpunga, ukagoma kufunguka. Kaka yake Kondo akaleta shoka. Shoka likawa linadunda kama limepiga mpira. Mwanamina akaenda kwenye jumba.

"Shikamoo, mama," Khalidi alisema.

"Marahaba, mwanangu. Mlango wangu umefungwa."

Khalidi akatazama kompyuta. "Bosi kasafiri. Kafunga milango yote."

"Na wangu?"

"Mashine inashika kilichomo ndani ya mpaka wake tu, mama."

Akamwonyesha dirishani. Lile jiwe la mpaka, ambalo watu wa ardhi huliita bikoni, lilikuwa nyuma ya nyumba ya Mwanamina, kati ya nyumba na jiko lake la makuti. Mwanamina alilijua vizuri. Wapimaji walipita mwaka uliotangulia, wakapiga hodi, akawakaribisha, akawapa madafu. Wakaomba waweke jiwe lao uani. Tangu hapo alikuwa akianikia dagaa juu yake.

"Nifungulie tu, baba."

"Siwezi. Ruhusa iko mjini. Mimi nimefunga nyaya tu." Alikuwa anasema kweli, na bado alishindwa kumtazama usoni.

Yussuf, mwenyekiti wa kijiji, alisikiliza kwa makini. Hodi isiyo na mtu haikumshughulisha.

"Ulijibuje?"

"Nilisema karibu."

"Na wapimaji?"

"Niliwakaribisha pia."

"Sasa dada, mgeni umemkaribisha mwenyewe. Mimi nimtoeje?"

"Nilimkaribisha akae, Yussuf! Sikumpa nyumba!"

Alilia mbele ya watu, jambo ambalo hakulifanya hata kwenye msiba wa mumewe. Watu walimwonea uchungu. Lakini kila mmoja alikuwa anajaribu kukumbuka wapimaji walipopita kwake yeye aliwajibu nini.

Bosi hakuwa mtu mbaya, wote walikubaliana hivyo. Aliporudi safari akaelezwa, aliagiza kwamba mlango wa mama yule atakuwa anaufungua baada ya swala ya alasiri, muda wa kutosha mtu kuchukua kitu. Mwanamina akahamia jikoni, upande wa pili wa jiwe. Kila alasiri husimama na kapu mlangoni kwake, akingoja mtu wa mjini akumbuke. Siku nyingine hukumbuka, siku nyingine ana mkutano. Mlango ukifunguka huingia mbio, huchukua sufuria au khanga, hugusa kitanda chake kwa kiganja, akatoka kabla komeo halijarudi.

Siku ya kuondoka, Khalidi alipita kumuaga. Akamuuliza kama ana neno la kumpelekea bosi.

"Mwambie nashukuru," Mwanamina alisema. Akatazama mawingu upande wa bahari. "Na mwambie, tafadhali, leo asichelewe. Mvua inakuja, na hili jiko linavuja."