Shubaka la Kumi na Nne

Hakuwa na pasipoti. Hakuwa na sanduku la magurudumu wala koti zito. Hakuwa na meno ya nyuma upande wa kushoto, jambo lisilohusu safari, ila lilimfanya awe wa mwisho kuinuka kila mezani. Hakuwa na goti la kulia la kuaminika. Hakuwa na mtu wa rika lake aliyewahi kupanda ndege, ambaye angemuuliza bila kuona haya. Na kubwa kuliko yote, hakuwa na muda.

Alichokuwa nacho ni anwani. Miaka thelathini na minne alisimama katika chumba cha kuchambulia barua, mbele ya ukuta wa mashubaka ya mbao, kila nchi na shubaka lake, kila shubaka na namba yake. Wenzake walimbatiza Mzee Anwani hata kabla hajaota mvi. Ungemwamsha usingizini ukamtajia mtaa wowote wa ng'ambo, angekupa namba kabla hajafumbua jicho la pili. Watu wa chumba kile hawakutaja nchi kwa majina. "Huko Thelathini na Moja mvua haiishi," wangesema, wakipangusa bahasha zilizofika zimelowa. Dunia nzima ilimpitia viganjani, naye hakuwahi kuvuka mpaka hata kwa unyayo mmoja.

Dada yake mkubwa aliishi Thelathini na Moja. Aliondoka zamani na mumewe, mtoto mchanga mgongoni. Huyo ndiye aliyemlea baada ya mama yao kufariki, na ndiye aliyemburuta kwa sikio hadi shule ya jioni alipotaka kuacha. Sasa alikuwa mjane kama yeye, na mwezi ule alikuwa ameandika barua fupi, mistari ikipanda na kushuka kama mtu anayetembea gizani:

"Daktari amesema majira haya ya baridi yakiisha nitabaki kuona vivuli. Sikuombi uje unione. Nakuomba uje nikuone."

Mzee Anwani aliisoma akiwa amesimama, akakaa, akaisoma tena. Kisha akakunja miguu ya suruali na kwenda kupanga foleni ya pasipoti. Ile foleni peke yake ilimlia siku nne.

Pasipoti ilipotoka, likabaki swali la njia: aende vipi? Binti yake, mshonaji wa sare za shule aliyeishi naye, alimpeleka kwanza kwa wakala wa safari. Ofisi ilikuwa ghorofa ya tatu na lifti ilikuwa mbovu. Mzee alifika juu akihema kama kiriba kilichotoboka.

"Mzee wangu, wewe kazi yako ni kuvaa kofia tu," wakala alisema, akimtolea kofia ya manjano. "Wote mnavaa ya aina moja. Kiongozi anatangulia na kibendera, nyinyi mnafuata. Siku tisa, miji mitano, chakula juu yetu."

"Mji wa dada yangu tunakaa siku ngapi?"

Wakala alipekua karatasi. "Huo ni mchana mmoja. Mna saa tatu za kujitegemea."

"Dada yangu anakaa ghorofa ya nne," mzee alisema. "Kwa goti hili, saa ya kwanza itaishia ngazini."

Aliirudisha kofia mezani kwa adabu, kama anayerudisha sahani ya mwenyewe.

Njia ya pili ilikuja kwa simu. Yule mtoto wa mgongoni sasa alikuwa mwanamume mwenye kitambi, fundi wa mitambo ya kupasha nyumba joto.

"Mjomba, nipe namba ya pasipoti, basi. Tiketi, kibali, vyote niachie mimi. Utaingia kwenye ndege, utatoka, utanikuta mlangoni."

"Na mimi nitafanya nini?"

"Wewe utakaa tu, mjomba."

"Kukaa tu hukaa kifurushi," mzee alijibu. "Kinafungwa kamba, kinabandikwa stempu, kinapokelewa. Mimi nilikuogesha kwenye karai, kijana. Leo ndiyo unibandike stempu?"

"Mjomba, sikumaanisha..."

"Najua. Nisalimie mama."

Ikabaki njia ya tatu: kujipangia mwenyewe. Alimega nusu ya meza ya kukatia vitambaa, akageuza kalenda ya mwaka uliopita upande mweupe, akachonga penseli. Wiki tatu alipiga mistari kwa rula. Alizunguka madirisha ya kampuni za ndege akiuliza saa za kuondoka na kufika, huku na huku akirudishwa: kaa kiti kile, simama mstari ule, njoo baada ya chakula. Jioni alirudi miguu imevimba, akaitumbukiza kwenye beseni, akaendelea kuandika. Upande wa pili wa meza binti yake alikunja pindo za sketi, naye macho mekundu, kwani shule zilikuwa zinakaribia kufunguliwa. Walikuwa wawili waliochoka, wakigombea taa moja.

Rafiki yake wa kazini, aliyeitwa Muhuri kwa sababu ndiye aliyekuwa akigonga mihuri ya tarehe, alipita kumwangalia. Alizunguka meza mikono mgongoni.

"Hii ni safari au ni ramani ya vita?"

"Kaa unywe chai, uache maneno."

"Naona unapitia Kumi na Nne, unalala huko, asubuhi unaendelea."

"Wewe ungepita wapi?"

"Hakuna pengine," Muhuri alisema. "Tangu siku ya kwanza tuliyoajiriwa, mifuko yote ya Thelathini na Moja inapita Kumi na Nne. Hapo umepatia, mwenzangu. Hao wa makompyuta wangekuzungusha kama pia."

Wakaitazama ile karatasi, wazee wawili wenye miaka sitini na nane ya uchambuzi baina yao, wasione kasoro hata moja. Mzee Anwani alijisikia, kwa mara ya kwanza tangu astaafu, mtu mwenye kazi.

Siku ya miadi ya kibali cha kuingia Thelathini na Moja alivaa koti lake la kustaafu na kufika alfajiri. Aliitwa karibu na adhuhuri. Nyuma ya kioo alikaa mama wa makamo, miwani imemshuka puani, rundo la majalada ubavuni. Aliikunjua ile kalenda, akatabasamu kidogo.

"Umechora mwenyewe, baba?"

"Mwenyewe."

"Mwandiko mzuri." Alifuata mstari kwa kalamu, kalamu ikasimama. "Hapa katikati unatoka uwanjani, unalala mjini. Kibali cha kupita nchi hiyo unacho?"

"Kupita tu?"

"Hata kupita, baba. Wao wanadai. Kinachukua wiki nane, wakikuharakishia."

Mzee Anwani alishika ukingo wa dirisha. "Mama, nimepitisha njia hiyo miaka thelathini na minne. Haijawahi kudaiwa kitu."

"Umepitisha nini?"

Nyuma yake mtu alikohoa kwa kukosa subira.

"Barua," mzee alisema.

Yule mama hakucheka, na hilo ndilo lililomuuma zaidi. Alishusha sauti. "Barua haiulizwi, baba. Mtu anaulizwa. Sasa sikiliza. Siwezi kupokea maombi yenye njia hii. Nina nafasi moja siku ya kumi na moja kuanzia leo, kuna mtu amejitoa. Niletee njia nyingine. Ukiikosa hiyo, nafasi inayofuata ni baada ya miezi minne."

Miezi minne. Baridi ingekuwa imekwisha.

Alirudi nyumbani kwa miguu, kwa sababu hakutaka kukaa karibu na watu. Binti alimwona mlangoni, akazima cherehani.

"Wamekataa?"

"Wameikataa njia." Alikaa bila kuvua koti. "Wiki tatu nimejichora mimi mwenyewe kama mfuko wa barua. Nilimfokea mtoto wa watu kwamba mimi si kifurushi, kumbe kifurushi nimekifunga kwa mikono yangu, na kamba juu."

Binti alimvua viatu. Akaenda kuleta beseni.

"Baba, nikuulize, usinune. Unataka kwenda, au unataka kupanga?"

"Vyote."

"Siku ziko kumi na moja."

"Najua kuhesabu."

"Najua unajua. Nani alinifundisha?" Alimimina maji ya moto. "Mimi naogopa kitu kimoja. Utaanza kalenda nyingine, upige mistari mizuri, na shangazi asione kitu."

Mzee alitia miguu kwenye maji. Alijaribu kukasirika, hasira ikakataa kuja. Ilikuwa imechoka kama yeye. Alimkumbuka dada yake akimvuta sikio kwenye mlango wa shule ya jioni, naye akilia kwa aibu, kijana mzima mbele ya wenzake. Siku ile hakuingia darasani kwa miguu yake. Aliingizwa. Mbona kilichofuata, vitabu vyote na anwani zote, alikiita chake?

"Nipe simu," alisema.

Mpwa aliitika kabla haijaita mara mbili. "Shikamoo, mjomba."

"Marahaba. Ile habari ya kukuachia wewe, bado ipo?"

"Mjomba, nilishapanga tangu mwezi uliopita. Ndege moja tu, moja kwa moja, hakuna kulala popote. Nilikuwa naogopa kukupigia."

"Nilikuwa mkali?"

"Mama alicheka. Alisema kama ungekubali mara moja, ungekuwa mgonjwa."

Mzee alikohoa, akatazama dirisha. "Nina sharti. Uwanjani nipokee, sawa. Nipeleke mpaka kituo cha treni cha mtaa wenu. Kutoka pale hadi mlango wa mama yako niache. Kushoto kwenye duka la dawa, nyumba ya pili baada ya daraja, ghorofa ya nne. Nimeiandika anwani hiyo miaka yote, nataka kuitembea."

"Mjomba, huko kuna barafu, na wewe goti..."

"Ndilo sharti."

"Haya. Lakini nitakuwa nyuma yako hatua hamsini. Ukigeuka, jifanye hunijui."

"Sitageuka," mzee alisema, na binti akaficha kicheko kwenye sketi aliyoishika.

Siku ya kumi na moja yule mama wa kioo alipokea maombi, akagonga muhuri, akasema "Haya, baba," kama aliyetua mzigo wake mwenyewe. Kibali kilitoka baada ya siku tisa. Safari iliwekwa wiki nne mbele.

Kesho yake mzee aliondoa vitambaa mezani na kuandika barua. Binti alimwambia kwamba shangazi angepata habari dakika hiyo hiyo kwa simu, mwanawe angemsomea.

"Ndiyo maana," mzee alijibu. "Hii asome mwenyewe, wakati bado anaweza."

Aliandika kwa kalamu nene, herufi kubwa kama za mtoto wa darasa la kwanza, mistari mitatu tu kwa ukurasa. Ikaja kurasa tano. Alisema amekubali kubebwa, ila si hadi mwisho. Alisema atavaa koti la kijivu, dada asije akamdhania mtu wa bima. Alisema asishuke ngazi. Asimame mlangoni, awashe taa zote.

Aliikunja mara mbili. Alilamba ukingo wa bahasha kutoka kushoto kwenda kulia, akaubana kwa kidole gumba, akaushikilia mpaka gundi ikakauka. Anwani aliiandika bila kutazama popote.

Posta palikuwa na foleni. Alisimama akiegemeza goti ukutani, zamu yake ikafika. Msichana wa dirishani alipima bahasha, akabandika stempu kombo.

"Siku hizi inapitia wapi?" mzee aliuliza.

"Hata sijui, mzee. Mashine ndiyo inajua."

Alimtazama akiitupa kwenye kapu la bluu, ikatua juu ya nyingine, uso juu. Aliisoma anwani mara ya mwisho kupitia kioo. Kisha nyuma yake mtu akasema "Mzee, samahani," naye akasogea.