Jumamosi Mbili Nilizoacha Kufagia

Watu wa avenue Misuku hunisifu kwa usafi. Husema chakula kikianguka uani kwa mama Clotilde unaokota na kula. Wakisema hivyo mimi hujifanya natafuta kitu kwenye kapu, kwa sababu hawajui wanasifu nini. Sifa nisiyostahili hunichoma kuliko tusi, na tusi lenyewe silivumilii. Basi nitaeleza ilivyokuwa, bila kujipaka mafuta.

Mwaka 1993, watu wa asili ya Kasai walipofukuzwa Likasi, jirani yangu Hélène na mume wake Kabongo walilala majuma saba stesheni wakingoja treni. Kabongo alikuwa fundi umeme kwenye bwawa la Koni. Nyumba yao, namba kumi na tatu, ilitazamana na yetu, na ilikuwa yao kweli, na hati walikuwa nayo. Walikuja watu wa kila aina kutaka kuinunua kwa bei ya redio mbovu, Kabongo akawaonyesha mlango. Alisema atarudi. Mimi na Hélène tulibatiza watoto wetu siku moja, parokia moja, tukagombana mara mia na kupatana mara mia na moja. Nilikuwa nawapelekea bukari, ugali wetu, stesheni kila siku, na siku treni ilipokuja kweli, Hélène alinivuta kando akanipa ufagio wake wa njiti.

"Clotilde, minye nakuachia ufagio tu," alisema. "Unifagilie lupango. Bantu bakiona iko safi, batajua kama iko na mwenyewe."

Lupango ndilo jina letu la kiwanja chenye nyumba na ua wake. Na alichosema Hélène kila mtu hapa anakijua. Huku kwetu ua ukiwa na michirizi ya ufagio asubuhi, hata mwizi anaelewa kwamba humo kuna mtu. Ua usiofagiwa ni mdomo wazi.

Nikafagia. Kila Jumamosi, miaka miwili. Nilianzia chini ya jakaranda, nikamalizia getini, kama alivyokuwa akifanya yeye. Mume wangu Stanislas alinitania kwamba nimeolewa na nyua mbili, na ule wa pili ndio naupenda. Alitania akikohoa, maana vumbi la kiwandani lilikuwa limeshamwingia kifuani, na mshahara wenyewe ulikuwa umegeuka hadithi. Tulikula kilichoota nyuma ya nyumba: mahindi, mchicha tunaouita lenga-lenga, viazi vitamu. Barua moja ya Hélène ilifika, imeletwa na msafiri. Aliuliza habari za watoto, za kifua cha Stanislas, halafu mwishoni akaandika: unafagia? Nikamjibu kwamba nafagia, na wakati huo ilikuwa kweli.

Mwaka 1995 komini, ofisi ya serikali ya hapa kwetu, ikaamua kwamba sehemu ya avenue yetu iache kuwa mahali pa kuishi, iwe ya biashara. Kulikuwa na mfanyabiashara wa unga aliyetaka kujenga depo, ghala la unga wake, na alitaka viwanja sita vilivyofuatana, vyote upande mmoja. Sheria ilidai wakaaji waulizwe kwanza, basi ikaundwa kamati ya ushauri, watu sita, chini ya Placide, chef wetu wa mtaa. Mimi niliingizwa kwa sababu naandika vizuri na siogopi kusema. Nilijiona mtu mkubwa, sitaficha. Nilinyoosha kitenge changu kwa pasi ya makaa ili nikakae kwenye kiti cha komini.

Kikao cha kwanza tulikwama. Nani ana mwenyewe, nani hana? Hati nyingi zilikuwa zimebaki kwenye maofisi yaliyofungwa, nyingine zimekwenda na treni pamoja na wenyewe. Ndipo mimi niliposimama nikasema tusihangaike na makaratasi, tuangalie nyua. Ua unaofagiwa una mwenyewe, hata kama hayupo leo. Ua wa majani na takataka hauna. Wote waliona ni akili, Placide akanipongeza, ikaandikwa. Nilikuwa namfikiria Hélène. Naapa nilikuwa namfikiria yeye, na nilirudi nyumbani nikiimba.

Kikao cha pili Placide alileta plani. Upande wa Hélène, nyumba tano zilikuwa tupu kweli, mbili kushoto kwake na tatu kulia. Yake ilikuwa katikati. Ikihesabiwa kuwa na mwenyewe, viwanja havifuatani tena, na depo inavuka barabara kuja upande wetu. Sisi tulikaa, lakini nyumba zetu zilikuwa za kazi, tulizopewa na kiwanda, hatukuwa na hati hata moja, na komini ingetuhamisha bila kutuomba ruhusa. Tungepewa viwanja vitupu huko nje, barabara ya Kamatanda, pasipo bomba wala mti. Placide akaongeza kwamba tume ya komini itapita nasi kuangalia nyua Jumatatu baada ya Jumatatu ijayo. Hakunitazama aliposema hivyo, nami sikumtazama.

Nilirudi nyumbani sikuimba. Stanislas alikuwa amekaa mlangoni akipata pumzi, mikono magotini. Nikamwangalia, nikaangalia mahindi yetu, nikamwona kichwani mwangu mtu huyu akichota maji kwa mwendo wa saa nzima. Sikumwambia lolote.

Jumamosi iliyofuata nilifua nguo. Nguo zote, hata zilizokuwa safi. Jumamosi ya pili nilikwenda sokoni, nikakaa huko mpaka jua likaelekea kuchwa, na nilichonunua ni chumvi. Ilikuwa mwezi wa kumi, jakaranda zilikuwa zinamwaga maua, na ua wa Hélène ulikuwa umefunikwa wote, rangi ya zambarau, pamoja na majani makavu na mifuko iliyoletwa na upepo. Nilipopita niligeuza shingo. Stanislas aliniuliza kama ufagio umepotea. Nikamjibu kwa ukali kwamba mgongo unaniuma, naye hakuuliza tena.

Jumatatu tume ilipita. Alikuwepo kijana wa komini, Arsène, na daftari lake, sisi kamati tukimfuata kama msafara wa kipaimara. Nyumba tupu zilikwenda haraka. Mbele ya kumi na tatu wote walisimama, na wote wakanigeukia mimi. Walijua urafiki wetu. Walijua pia nani amekuwa akifagia pale. Ningeweza kusema neno moja tu, kwamba mwenyewe ni Hélène, yu hai, ameniandikia. Barua ilikuwa nyumbani, ndani ya Biblia.

"Treize, mama Clotilde," Placide aliuliza. "Iko na muntu ao hapana?"

"Unajionea weye mwenyewe, chef."

Hivyo tu ndivyo nilivyosema. Arsène akaandika "inoccupé", yaani haina mtu. Wenzangu walishusha pumzi, maana wanne kati yao walikaa upande wangu wa barabara. Tulitia sahihi ofisini, jina langu la tatu, kwa ule mwandiko wangu mzuri. Moyo ulinipiga kama mwizi aliyeshikwa, lakini hakuna aliyenishika.

Nyumba ya Hélène ilibomolewa kabla ya Noeli, na jakaranda ikakatwa. Kuta za depo zilipanda hadi usawa wa kifua, halafu yule mfanyabiashara akaondoka Likasi na hakurudi. Mpaka leo mbuzi wanalala humo. Sisi tulibaki na bomba letu na mahindi yetu, na Stanislas alikufa miaka miwili baadaye kitandani mwake, akiwa na maji karibu. Wakati mwingine najiambia kwamba hilo nalo ni kitu. Halafu nawaangalia wale mbuzi.

Hélène alirudi mwaka 1998. Nchi ilikuwa imebadilisha jina, meza za komini zilikuwa zile zile. Alikuja mchana na mfuko mmoja, mjane kama mimi, Kabongo amezikwa Mwene-Ditu, huko Kasai. Alisimama mbele ya zile kuta muda mrefu, halafu akavuka barabara na kunikumbatia, akalia, akanifariji mimi kwa ajili ya Stanislas. Nilimpikia. Nilimpa kitanda changu nikalala kwenye mkeka. Siku tatu nilikuwa namkirimu kwa bidii ya mtu anayekimbia kitu, na kila nilipotaka kuanza kusema nilimwongezea chai.

Siku ya nne alikwenda komini, akarudi amechoka, akalala mapema. Kesho yake, Jumamosi, niliamshwa na sauti ya ufagio. Nikatoka. Hélène alikuwa anafagia ua wangu, ameinama, kitenge amekifunga kiunoni, ameanzia nyuma na anakuja mbele, kama zamani.

Alinieleza bila kuacha kufagia. Arsène alikuwa amemwonyesha karatasi. Iliandikwa kwamba ua wa namba kumi na tatu ulikutwa mchafu, hauna mtu. Alikuwa ameona na jina langu pale chini, na alikuwa ameshanipatia sababu: bila shaka nilishurutishwa. Hati peke yake haikutosha tena, lakini kulikuwa na njia ya kudai, alisema. Mtu mmoja wa kamati aandike kwamba lupango lilikuwa linatunzwa, komini impe kiwanja kingine.

"Minye nalibaambia, haiwezekane," alisema. "Clotilde anafagiaka pale kila samedi. Lundi twende, useme tu vile ulifagiaka."

Nilielewa papo hapo kwamba nimefunguliwa mlango. Ningekwenda Jumatatu, ningesema nilifagia na tume ikasema uongo, Hélène angepata kiwanja, nami ningebaki rafiki yake mwaminifu mpaka kaburini. Hakuna ambaye angeumia. Nilifungua mdomo niseme ndiyo. Lakini alikuwa anafagia miguuni pangu, amenisogezea ufagio taratibu asinichafue vidole, na mwili wangu ulikataa.

"Hélène, sikufagia," nilisema. "Samedi mbili. Nalijua kama batapita, njo nikaacha."

Ufagio ulisimama.

"Uligonjwa?"

"Hapana. Naliacha kwa kusudi. Kama si lupango yako, ilikuwa yetu njo bangebomoa."

Nikamwambia yote, na kanuni ya nyua kwamba niliileta mimi, na barua kwenye Biblia. Nililia, lakini hata nikilia nilijichukia, maana yeye hakulia. Alisikiliza mpaka mwisho. Halafu akafagia kipande kilichobaki, mpaka getini, akausimamisha ufagio ukutani, akaingia kuchukua mfuko wake. Alipotoka alisimama hatua mbili kutoka kwangu.

"Mu train nalikuwa nalilia weye," alisema. "Haikukuwa nyumba."

Akaenda kukaa kwa Providence, dada mmoja wa kanisa la maombi, upande wa chini wa avenue yetu.

Jumatatu nilikwenda komini peke yangu. Nilimwomba Arsène karatasi, nikaandika kwamba mimi Clotilde, wa kamati ya ushauri, nilijua mwenye namba kumi na tatu yu hai na atarudi, na kwamba nilimtunzia ua miaka miwili nikauacha kwa makusudi kabla ya tume kupita. Arsène alisoma, akasoma tena. Akaniambia fomu ya malalamiko ina nafasi ya kelele, ya harufu, ya mipaka, haina nafasi ya ufagio. Nikamwambia aandike nyuma. Placide aliposikia alinijia juu, kwamba nimewafanya wote waongo. Nikamjibu kwamba waongo tulikuwa tangu siku ile, mimi nimechelewa tu kukubali. Hanisalimii tena kanisani, na kusema kweli hilo halininyimi usingizi.

Ilichukua miezi mitano. Komini ikampa Hélène kiwanja. Barabara ya Kamatanda, huko nje, pasipo bomba wala mti, katika mstari ule ule ambao sisi tungepelekwa. Aliponiambia, Providence aliongea polepole kama anayetoa habari ya msiba. Nilikaa chini.

Sasa Hélène ana chumba kimoja cha matofali mabichi huko, na mabati yaliyobanwa kwa mawe. Anachota maji kwa mwendo wa saa nzima. Kila Jumamosi mimi naamka, nachukua ule ufagio wake, njiti nimeshabadilisha mara nyingi, natembea mpaka kwake. Wa kwanza kuniona ni kuku. Yeye anakaa mlangoni anachagua mboga, hanifukuzi, hanisalimii. Naanzia nyuma, namalizia pale ambapo pangekuwa na geti. Sisemi kitu, kwa sababu nimeshasema. Halafu naweka ufagio begani na kurudi.

Majuma ya kwanza sikugeuka nyuma. Siku moja niligeuka, nilipofika kwenye kona. Hélène alikuwa katikati ya ua na ufagio wake mpya, ameinama, anafagia upya pale pale nilipofagia.