Soli Zisizolika

Fundi alikuwa na mazoea ya kusoma soli. Mteja akimwachia kiatu, yeye hukigeuza kwanza, akatazama kisigino, kisha akasema: wewe unaegemea kushoto, au, wewe goti la kulia linakusumbua. Watu walicheka wakamuuliza kama siku hizi amekuwa mganga. Mganga wa wapi, alijibu, soli haina siri.

Kwenye ukuta wa kibanda chake, juu ya meza ya kukatia ngozi, ilining'inia jozi moja ya kalibu, ile miguu ya mbao ambayo fundi hushonea kiatu juu yake. Alizichonga mwaka aliooa. Mkewe alikuwa muuguzi mgeni katika wodi ya wazazi, na Fundi alimkalisha kwenye kigoda, akampima miguu yote miwili kwa uzi, akachonga siku nne. Tangu hapo, kila mwaka alimshonea viatu vyeupe vya kazini, jozi moja, kwa kalibu zile zile. Miaka ishirini na sita. Alimwita mkewe Sista, kama wagonjwa walivyomwita. Mkewe naye alimwita Fundi, kama wateja. Ulianza kama utani, ukageuka majina yao.

Miezi mitatu baada ya kumzika Sista, Fundi alizishusha kalibu zile akazipangusa vumbi. Binti yao alikuwa amemaliza masomo ya uuguzi, na Jumatatu angeanza kazi katika hospitali ile ile ya mama yake. Vitu vingi vya marehemu vilishagawanywa. Kimoja, viatu vyeupe vya kazini vilivyoshonwa kwa kalibu zile, Fundi alitaka kumpa kwa mkono wake mwenyewe. Hakumpima. Alimwambia kwamba mguu wake ni wa mama yake mtupu, na binti, ambaye tangu msiba alikuwa hapingi neno lolote la baba yake, aliitikia tu.

Ijumaa mchana, ngozi imeshakatwa na sindano iko mkononi, shemeji alitokea mlangoni akiwa na mfuko. Hakuwa shemeji wa nasaba. Alikuwa amefanya kazi wodi moja na Sista tangu wote wawili wangali wembamba, kama alivyopenda kusema mwenyewe, na kwa kumwita Fundi shemeji miaka yote hiyo, ushemeji ukakubalika. Alieleza kuwa kabati la marehemu linahitajika kwa mwajiriwa mpya, kwa hiyo ameona amletee vilivyokuwemo.

Mlikuwa na sweta, kikombe, miwani ya kusomea. Chini kabisa mlikuwa na viatu: raba nyeupe, pana, laini, visigino vimelika upande wa nje hadi vinakaribia kutoboka.

Fundi aliviweka kando kwa upole, akasema hivi vimechanganyika, si vya mke wake.

"Ni vyake, shemeji."

"Sista alivaa viatu vyangu."

"Alivivaa," shemeji alisema. "Kutoka kwenu mpaka chumba cha kubadilishia nguo, na kutoka chumba cha kubadilishia nguo mpaka kwenu. Sisi wodini tulikuwa tukiviita viatu vya bwana harusi."

Alitaka kucheka, akaona uso wa Fundi, akakaa kwenye kigoda cha wateja. Kisha akasimulia, polepole, kama mtu anayebandua plasta kwenye kidonda. Baada ya kumzaa binti, mguu wa Sista ulitanuka na haukurudi ulivyokuwa. Wakaongozana wao wawili dukani siku moja walipotoka zamu, kwa sababu muuguzi hachagui kiatu asubuhi ya siku ya mapumziko. Huchagua akiwa amechoka na mguu umeshajaa, kwani huo ndio mguu wa kufanyia kazi. Sista aliomba tambara bichi, akalowesha sakafu ya watu, akajaribu kama soli inateleza. Alipima nafasi ya kidole gumba mbele ya vidole. Alikwenda na kurudi dukani humo mpaka muuzaji akamuuliza kama anakuja kununua au anafanya mazoezi. Hiyo ilikuwa jozi ya kwanza. Hii hapa ni ya saba au ya nane, shemeji hakumbuki vizuri.

Fundi aliuliza kwa nini hakumwambia.

Shemeji alitazama sakafu. "Aliniambia kwamba alikwambia."

Ndipo Fundi akakumbuka. Binti alikuwa bado wa kubebwa. Sista alisimama pale pale mlangoni akasema, Fundi, safari hii ongeza upana kidogo. Yeye hakuinua hata kichwa. Alisema ngozi itajiachia yenyewe. Mwaka uliofuata akasema tena, na yeye akaitoa kalibu ukutani, akampungia nayo, akamuuliza, nani anaujua huu mguu, mimi au wewe? Sista alicheka sana siku ile. Hakurudia tena.

"Alikuwa akisema, nikitoka Fundi husimama kizingitini akanitazama miguu mpaka nikate kona," shemeji alisema. "Nikimwuliza kwa nini anajitesa, ananijibu, mwache atazame."

Shemeji alipoondoka, Fundi alibaki na jambo moja ambalo hakuwa amemwambia. Kila mwaka, Sista aliporudisha jozi ya zamani, yeye aliigeuza. Soli zilikuwa karibu mpya. Aliziweka mezani mbele ya wateja akajisifu: mke wangu husimama wodini kutwa, ona soli ilivyo, huu ndio mkono wa fundi. Ingekuwa ya mteja mwingine, angesema papo hapo, huyu hivi havivai.

Aliichukua kalibu akaitia ndani ya raba. Ilicheza, ikagonga huku na huku. Akakata vipande vya ngozi, akabandika kimoja pale mfupa wa kidole gumba ulipotokeza, kingine juu ya mguu, kingine upande wa kidole cha mwisho. Alipunguza, akajaribu, akaongeza. Muda si mrefu raba ikaishika kalibu barabara. Alipoitoa, alikuwa ameshika mguu wa mkewe kama ulivyokuwa mwaka aliokufa. Mguu wenyewe hakuwa mgeni nao. Alikuwa ameuona jioni baada ya jioni ndani ya beseni la maji ya chumvi, beseni alilolibeba yeye kwa mikono yake, huku akiilaumu hospitali kwa kumsimamisha mno mke wa mtu.

Akaitundika kalibu ukutani na viraka vyake. Akafumua alichokwisha kushona.

Jumatatu alimwagiza binti apitie kibandani akitoka zamu, asiende nyumbani kwanza. Alifika saa kumi, anachechemea kidogo na kujifanya hachechemei. Fundi alikuwa ametandika karatasi sakafuni. Binti alipotaka kukaa kwenye kigoda, alimwambia asimame, aubebeshe mguu uzito wote.

"Si ulisema mguu wangu ni wa mama?"

"Nilisema."

Alipiga magoti, akapitisha penseli kuzunguka mguu. Akauliza viatu alivyoshindia kazini vilikaaje. Binti akasema vilikaa vizuri, baba, pote sawa.

"Usinipe jibu la kunifurahisha," Fundi alisema, bado ameinama. "Wapi panabana?"

Macho ya binti yalikwenda ukutani, kwenye kalibu ya mama yake iliyovimba kwa viraka, yakakaa hapo. Kisha akanyoosha mkono, akagusa upande wa kidole cha mwisho.

"Hapa. Ongeza upana kidogo."

Penseli ilisimama. Fundi alifuta mstari kwa kidole gumba, akachora mwingine nje yake, akamuuliza kama hapo panatosha. Binti akamwambia asogeze tena. Akasogeza.

"Haitakupa kazi kubwa, baba?"

"Kazi gani. Nusu saa tu."

Binti aliutoa mguu kwenye karatasi, lakini baba yake hakuinuka. Alibaki amepiga magoti, anautazama mstari.

"Ilikuwa kazi ya nusu saa tu," alisema.